Fabiani Kaleb Semdoe na Picha Mbili za Chuma

Baba Padri, wazee wetu wa Kideleko mliosafiri tangu alfajiri, ndugu zetu Waislamu wa Kilole na Old Korogwe, majirani wa Manundu ambao siku tatu hizi mmeviacha vitanda vyenu na kulala kwenye mikeka yetu, familia ya Mzee Kaleb Semdoe inawasalimu wote kwa unyenyekevu, na imemsimamisha hapa Yordani, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake. Anazo karatasi nne mkononi badala ya mbili zilizozoeleka, kwa hiyo mtamvumilia, na aliye juani asogee turubaini.

Marehemu Fabiani Kaleb Semdoe alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika kijiji cha Kideleko, wilaya ya Handeni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Kaleb Semdoe, mhunzi, na marehemu mama yetu binti Mhina wa Kwamkono, akabatizwa hapo hapo Kideleko mwezi Agosti mwaka huo huo. Utoto wake ulipita bandani kwa baba, akivukuta moto, akiokota vipande vya chuma, akimwona mzee akitia alama ya chaki kwenye kila chuma kabla ya kukikata, hata akajua kushika chaki ya banda kabla hajaijua chaki ya shule. Alikuwa mtoto wa maswali, na maswali yake yalichosha. Mteja akirudisha jembe lililokatika, mzee humwambia kwamba jembe limechoka, basi Fabiani naye huuliza, chuma kinachokaje, baba, na wala hakina miguu? Mzee Kaleb, Mungu amrehemu, alimjibu kwa kofi.

Alisoma shule ya msingi Kideleko kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akafaulu, akaendelea na masomo ya sekondari ya ufundi mjini Tanga kuanzia 1973 hadi 1976, akalitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1977, na tarehe 2 Mei 1978 akaajiriwa katika karakana ya vipuri iliyokuwa hapa Manundu ikivihudumia viwanda vya mkonge vya ukanda huu, karakana ambayo siku hizi haipo tena, jengo lake ni ghala la mahindi. Mwaka 1982 mwajiri wake alimpeleka Ujerumani Mashariki, akakaa miaka miwili, akala viazi mpaka akavichukia, na huko ndiko alikolipata neno alilolipenda mpaka mwisho wa uhai wake, nalo ni maikrografu.

Wengi mliopo hapa mmeshaelezwa maana ya neno hili, wengine mkiwa mmesimama sokoni na mboga mkononi, wengine mkiwa mmelazwa, lakini kwa ajili ya wageni familia inalieleza tena, maana bila neno hili hamtamjua marehemu, wala hamtaelewa linalofuata. Maikrografu ni picha ya tumbo la chuma, iliyopigwa kupitia hadubini, ile mashine inayokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Kipande kidogo hukatwa, hugandishwa ndani ya kidonge cha plastiki kilicho sawa na kifuniko cha soda, husuguliwa kwa msasa na maji, kuanzia msasa mkali hadi ule laini, kisha hung'arishwa mpaka ujione uso wako, halafu huguswa kwa asidi kidogo sana, na hapo ndipo chuma huonyesha chembe zake, zimebanana, zina mipaka, kama matope ya bondeni yaliyokauka na kupasuka. Mwenye kujua kusoma picha hiyo atakwambia chuma kilipikwa vipi, kilipoa vipi, na kama kilibeba taka za tanuri zilizokuja kukivunja.

Marehemu hakupenda neno hilo litumike ovyo. Picha ya chuma iliyopigwa kwa simu, hata ikikuzwa ikawa kubwa kama mlango, hakukubali iitwe hivyo. Picha ya hadubini isiyosema kipande kimekatwa wapi, kimekuzwa mara ngapi na kimeguswa kwa asidi gani, alisema hiyo si maikrografu, hilo ni pambo la ukutani. Katika harusi ya binti yake alimshika mpiga picha dakika ishirini nzima kwa somo hilo, keki ikingoja. Watani wetu Wanyamwezi hawakulisahau, jana mmoja wao amevaa miwani ya marehemu, amechukua kipande cha muhogo na faneli ya mafuta, akachungulia, akatutangazia msiba mzima kwamba muhogo huu umekufa kwa uchovu. Tumecheka, na mama mjane amecheka, Mungu awabariki watani.

Tarehe 21 Desemba 1985 marehemu alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Serafina, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Kilole, na Mungu akawajalia watoto wawili, Castory aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1987 na Agripina aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1990, pamoja na wajukuu wanne. Alikuwa mume mpole, msahaulifu wa chumvi na viberiti, aliyefika nyumbani vidole vimeliwa na asidi, na ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, isipokuwa siku mwalimu alipotumia msasa wake kusugulia sufuria.

Mpaka hapa, ndugu zangu, historia hii ni kama nyingine mlizozisikia, na ingeweza kwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Lakini marehemu aliacha barua, akaagiza isomwe mbele ya jeneza lake, na kabla ya kuisoma ni lazima tuwaeleze jambo la mwaka 1993.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Agosti 1993, saa tatu asubuhi, katika kiwanda kimoja cha mkonge cha wilaya hii, shafti ya korona, yaani ile mashine ya kukamua majani, ilivunjika ikiwa kwenye mwendo, kipande kikaruka, kikampiga mlinzi wa kiwanda, marehemu Koisaba, mwana wa wafugaji wa kule Handeni, aliyekuwa akipita kwenda kufunga geti, akafa pale pale. Aliyekuwa akiilisha mashine majani asubuhi hiyo ni Sufiani Sadala wa Kilole, baba wa watoto wawili, mtu wa swala tano, mwenye miaka kumi na mmoja kwenye kazi hiyo hiyo. Swali likawa moja tu, je, shafti ilikuwa mbovu, au Sufiani aliishindilia majani kupita kiasi?

Vipande viwili vililetwa kwenye karakana ya Manundu. Kimoja kilikatwa kwenye ile shafti iliyovunjika, cha pili kilikatwa kwenye shafti ya akiba iliyokuwa stoo, ili vilinganishwe. Kanuni ya kazi ilikuwa kwamba kabla ya kusugua, namba ichongwe nyuma ya kidonge kwa msumari mgumu, na kanuni hiyo Fabiani ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Siku hiyo meneja alikuwa amesimama mlangoni, anaitaka ripoti kabla ya saa sita, anaangalia saa, basi Fabiani akafanya kama alivyozoea bandani kwa baba, akaandika namba kwa chaki. Kwa mhunzi chaki inatosha, chuma cha mhunzi hakisuguliwi kwa maji. Aliposugua, maji yakazifuta namba zote mbili, akabaki na vidonge viwili vilivyofanana kama mayai ya kuku mmoja, na badala ya kusema nimepoteza alama, nipeni siku mbili nianze upya, alivipanga kwa kumbukumbu ya kichwa.

Picha zikapigwa. Ile aliyoiandika kuwa ni ya shafti iliyovunjika ilionyesha chuma kizuri, safi, kisicho na kasoro. Ile aliyoiandika kuwa ni ya stoo ilionyesha chuma kilichojaa taka za tanuri, na shafti ya stoo ikatupwa kwenye chuma chakavu, watu wakashukuru kwamba wameponea chupuchupu. Ripoti ikaandikwa, Fabiani akaweka sahihi, na maana yake ikawa wazi kwa kila mtu: chuma hakina kosa, mwenye kosa ni Sufiani.

Sufiani akafukuzwa kazi bila kiinua mgongo. Lakini kufukuzwa si kitu, wangapi wamefukuzwa kazi na wakaishi. Lililomuua mapema ni jina. Walimwita Sufiani Pupa, kwamba kwa pupa yake ya kumaliza kazi alimuua mtu. Akipita Manundu wanalisema, akiingia msikitini mtu anasogea. Watoto wake, Hussein na Hafsa, wakaitwa shuleni watoto wa Pupa, na Mwalimu Serafina, ambaye Hafsa alikuwa darasani kwake, aliwahi kuwachapa wanafunzi kwa neno hilo, bila kujua kwamba limetoka kwenye meza ya mumewe. Watu wa Koisaba wakikutana naye mnadani hawakupokea salamu yake. Sufiani alirudi kulima mahindi kwao Kilole, akaja kuugua malaria, akafariki tarehe 19 Machi 2006, na akazikwa Kilole na jina lake lile. Ee Mungu wangu, miaka kumi na miwili na zaidi mtu anabeba maiti isiyo yake!

Karakana ilifungwa mwaka 2004, Fabiani akaliomba sanduku la vidonge vya zamani ambavyo hakuna aliyevitaka, akavitumia kufundishia katika chuo cha ufundi alikokuwa akifundisha kwa mkataba. Siku ya Jumatano, tarehe 3 Oktoba 2012, akiandaa somo, alikitoa kile kidonge cha mwaka 1993 kilichoandikwa stoo, akakigeuza dirishani, akaona kwamba upande mmoja, ndani ya plastiki, ukingo wa chuma ulikuwa na meno meno. Shafti ya stoo ilikatwa kwa msumeno pande zote, haiwezi kuwa na meno. Meno ni ya kitu kilichovunjika, yaani mwaka ule alikuwa amevibadilisha vidonge. Mwaka ule, kwa haraka, alipiga picha ya katikati tu, hakutazama ukingo. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, na somo la siku hiyo halikufundishwa.

Jioni alimwambia mkewe. Mwalimu Serafina alimwambia, baba Castory, nenda Kilole kesho. Hakwenda kesho. Alikwenda mwezi wa Desemba, akafika mpaka kwenye ua wa Bi Mwaija, mjane wa Sufiani, akasikia watu wanacheka ndani, akageuka. Alikwenda tena mwaka 2014, akageuka. Mwaka 2016 akageukia mtoni, hata Kilole hakufika. Waswahili tunasema marehemu hatajwi kwa mabaya, na mdogo wake huyu amefundishwa hivyo hivyo, lakini barua ya mwenyewe inalisema, basi nasi tuliseme: katika jambo hili kaka yetu alikuwa mwoga. Alikuwa akiitwa Mzee Maikrografu, vijana wakimpokea mfuko, ofisi zikimpigia simu, na alijua kwamba akifungua mdomo, heshima yote hiyo itaondoka.

Siku ya Jumamosi, tarehe 13 Julai 2019, mkewe alimshika mkono, wakaenda wote. Bi Mwaija akawatandikia mkeka. Fabiani akaweka picha mbili mbele yake, akaanza kueleza chembe na taka na mara mia mbili, na Bi Mwaija akamkatiza, akasema, "Mimi picha hizo sizijui, baba. Nieleze kwa maneno ya watu." Akamweleza. Bi Mwaija akauliza, "Kwa hiyo mume wangu hakuua?" Fabiani akajibu, "Hakuua, mama. Ni mimi niliyekosea." Yule mama akaenda jikoni kuepua uji uliokuwa ukifurika, akarudi kwenye mkeka. Kisha akasema, "Mimi umeniambia nililolijua. Kawaambie waliomwita Pupa."

Na hilo ndilo lililomshinda. Aliandika ripoti mpya, akaambatanisha maikrografu zenye maelezo yote, lakini mwajiri wa wakati ule hakuwepo tena, meneja alishakufa, na waliobaki walimwambia, mzee, hayo ya kale, yaache yalale. Angeweza kusimama sokoni. Angeweza kuomba nafasi kanisani, au kumwendea shehe wa Kilole. Kila Jumapili alimwambia mkewe kwamba Jumapili ijayo atasema, na Jumapili zilikwenda zikawa miaka sita.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Februari 2024, ikagundulika kwamba figo zimechoka, akatibiwa hapa Korogwe, akapelekwa hospitali ya rufaa mjini Moshi tarehe 8 Mei 2024, akawa anakwenda na kurudi kwa kusafishwa damu, akikonda, akitania wauguzi, akiwauliza maji ya mashine yao yamepimwa na nani. Tarehe 20 Oktoba 2025 aliomba karatasi, akaandika barua yake kwa siku mbili. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa nyumbani kwake hapa Manundu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Jana saa kumi jioni familia ilikaa kikao. Kulikuwa na wazee waliosema barua isisomwe, kwamba tutamwaibisha mtu asiyeweza kujitetea, kwamba watoto wake watainamisha vichwa, na mdogo wake huyu anayesoma, aseme kweli, alikuwa upande wao. Mama mjane hakubishana na mtu. Alituma ujumbe Kilole. Bi Mwaija akaja na Hafsa, akaketi, akaulizwa, mama, wewe unasemaje? Akasema, "Someni. Na someni kwa sauti, maana mume wangu alisemwa kwa sauti."

Kwa hiyo inasomwa, na aliye nyuma asiyesikia anyooshe mkono irudiwe.

"Mimi Fabiani Kaleb Semdoe, nikiwa na akili zangu timamu, nasema kwamba shafti iliyovunjika tarehe 17 Agosti 1993 ilikuwa mbovu tangu ilipotoka tanurini. Sufiani Sadala hakuishindilia. Hakuwa na pupa. Hakumuua Koisaba. Picha iliyomhukumu niliipiga mimi, na ilikuwa ya shafti nyingine. Nilipoteza alama, nikaona haya kusema. Nilipolijua kosa, Sufiani alikuwa kaburini, nami nikanyamaza miaka kumi na mitatu kwa sababu nilipenda kuheshimiwa. Namwomba radhi Bi Mwaija, na Hussein, na Hafsa, na watu wa Koisaba walioambiwa uongo juu ya kifo cha ndugu yao. Kama kuna anayelitumia bado lile jina, aliache leo. Picha zote mbili, zenye maelezo yaliyo sahihi, nimeziacha kwa mke wangu, atakayetaka kuziona aonyeshwe."

Hayo ndiyo maneno yake, hatukuongeza wala hatukupunguza. Castory na Agripina, inueni vichwa, baba yenu amechelewa, lakini amesema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Korogwe na wa Moshi waliomhudumia kwa miezi ishirini na moja, walimu na wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wenzake wa karakana waliobaki, ambao leo wamefika wote sita, Baba Padri aliyekuwa akimletea sakramenti nyumbani hata siku za mvua, watani wetu, akina mama waliopika, na majirani wa Manundu ambao hatuna cha kuwalipa. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, asiyesikia jina lake ajue limo mioyoni mwetu.

Na mwisho inawashukuru waliochimba kaburi. Kamati iliwapanga vijana sita wa mtaa, na walipofika makaburini leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi walimkuta wa saba ameshatangulia, udongo umemfika magotini, naye ni Hussein Sufiani Sadala, aliyekuja kutoka Kilole na sururu yake, hakuombwa na mtu. Wenzake walimwambia apumzike, akawajibu kwamba upande huu bado haujanyooka, akaendelea nao mpaka likakamilika, akanawa mikono, akaletewa chai, akaikataa kwa adabu, akasema atakunywa historia ikishasomwa.

Hussein, mwanangu, imesomwa. Chai ipo.

Nawe Fabiani, mwana wa Kaleb, kaka yetu, nenda sasa ukapumzike kwa amani.